Karatasi Iliyofungiwa Kabatini Haimfai Mkulima



Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, lakini nafasi ya kufundisha haikupatikana upesi, nikaingia kazi ya kuandika na kupanga mafaili. Kwa hiyo nitakayosema hapa si maneno ya mtaalamu wa wadudu. Ni maneno ya mtu aliyekaa na karatasi miaka mingi, akaona zinavyotumika, na zaidi zinavyokosa kutumika.

Mwaka wa 2017, mahindi yalipokuwa yamefika magotini, wakulima walianza kuja ofisini wakileta viwavi katika chupa za soda na mikebe. Mama mmoja alikuja na shina zima la mahindi, limeng'olewa na mizizi yake, akaliweka juu ya meza yangu pamoja na udongo. Bwana Shamba aliwauliza maswali, nami nikaandika: siku, namba ya shamba, mbegu gani, mashina mangapi yameliwa. Fomu zilijaa. Tukazitia katika faili, faili likaingia kabatini, nami nikadhani kwamba siku moja litapelekwa mbele.

Halikupelekwa. Baada ya miaka miwili alikuja kijana wa chuo kikuu, akitaka kujua mdudu huyo alionekana lini mara ya kwanza katika skimu zetu, na alianzia upande gani. Nilifungua kabati kwa furaha. Mchwa walikuwa wamepanda kwa nyuma, ukutani, na faili lile lilikuwa udongo mtupu. Kijana alishukuru akaenda zake. Mimi niliona haya, maana yule mama aliacha kazi yake, akatembea na shina lake mpaka ofisini, na maneno yake tuliwalisha mchwa.

Sasa tazameni hasara yake. Viwavijeshi hawa wapya si wa huku kwetu, asili yao ni Amerika. Mwaka wa 2016 walionekana Afrika ya Magharibi, na mwaka wa 2017 walikuwa wamekwisha kuthibitishwa Kenya. Kipepeo wao huruka usiku na huweza kwenda mbali sana kwa msaada wa upepo. Mdudu wa namna hii hashikwi kwa kukaa kila ofisi na faili lake. Ofisi ya wilaya ya magharibi ikijua leo, na ya mashariki ikapata habari leo hii, mkulima wa mashariki atapita katika mahindi yake kabla viwavi hawajaingia ndani ya moyo wa shina, mahali ambapo dawa haiwafikii vizuri. Asipopata habari, ataona majani yaliyotoboka, na wakati huo fedha za dawa ni fedha za kutupa.

Habari ninazozitaja ni jambo dogo: ni kiumbe gani, kilionekana wapi, siku gani, na kilikuwa kingi kiasi gani. Mtu mmoja akiwa nazo, hazina nguvu. Zikiwekwa pamoja, mahali ambapo mtafiti wa Nairobi, ofisa wa kaunti na mwalimu wa shule wote wanaweza kuzisoma bila kuomba ruhusa, hugeuka kuwa ramani.

Si jambo la kubahatisha, maana kwa nzige limekwisha kufanyika. Tangu mwaka wa 1929 Bwana Boris Uvarov, mjuzi wa wadudu aliyekaa London, alikuwa akikusanya taarifa za nzige kutoka Afrika na Asia: makundi yameonekana wapi, siku gani, yakielekea wapi. Zilipowekwa juu ya ramani, ilionekana kwamba nzige hawaji ovyo, bali hufuata mvua na upepo. Siku hizi kazi hiyo kwa nzige wa jangwani hufanywa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, lililoko Roma.

Nzige walipoingia Kenya tarehe 28 Desemba 2019, wengi wetu tulikuwa hatujapata kuwaona, maana uvamizi wa namna ile ulikuwa haujatokea nchini kwa miaka 70. Kundi la kilomita moja ya mraba tu hula kwa siku chakula cha kuwatosha watu 35,000. Mwaka wa 2020 shirika hilo na watu wa PlantVillage, wa chuo kikuu cha Penn State huko Marekani, walitoa programu ya simu inayoitwa eLocust3m. Mtu aliyewaona nzige alipiga picha, simu ikaandika mahali na saa, na habari ikafika kwenye ramani. Wenye kupanga ndege za kunyunyiza dawa walitazama ramani hiyo, na nchi jirani nazo ziliitazama. Kumbukeni kwamba nzige hajui mpaka wa Kenya na Ethiopia. Kama kila serikali ingalificha hesabu yake, ndege zingaliruka juu ya mashamba yasiyo na nzige.

Jambo moja watu hulipuuza. Taarifa ya kwamba "nimekwenda, nimetafuta, sikuona nzige" nayo ilikuwa na thamani. Mkulima huona haya kuandika "hapana". Asione haya. Ramani isiyo na "hapana" haiwezi kuonyesha mahali ambapo hatari haijafika.

Kwa mimea na ndege ni vivyo hivyo. Pale Nairobi, katika Makumbusho ya Taifa, kuna hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ambayo ilihamishwa kutoka Amani, Tanganyika, mwaka wa 1950. Kila jani limebandikwa karatasi yenye jina lake, mahali lilipochumwa na siku. Aliyelichuma huenda amekufa zamani, lakini karatasi yake bado husema kwamba mti huu ulikuwa ukimea hapa mwaka fulani. Tangu mwaka wa 2001 kuna shirika la mataifa, GBIF, lenye ofisi Copenhagen, Denmark, ambalo hukusanya kumbukumbu za namna hii kutoka makumbusho na watafiti wa dunia nzima, nazo sasa zimezidi bilioni 2. Mtu yeyote mwenye kompyuta huzisoma bure. Mtafiti wetu asiye na nauli ya kwenda Ulaya huweza kuona humo mimea iliyochumwa Kenya miaka mia iliyopita na kuwekwa katika makabati ya huko.

Mkulima ataniuliza, inanihusu nini? Nitamjibu kwa gugu karoti, lile lenye maua madogo meupe, ambalo huwasha ngozi na kufanya maziwa ya ng'ombe kuwa machungu. Nchi yetu ina sheria ya kuzuia magugu mabaya, na sheria hiyo humpasa mwenye shamba kuyang'oa. Je, Waziri atajuaje gugu gani liingizwe katika sheria, na fedha za kulipiga vita zipelekwe kaunti gani, kama hana hesabu ya mahali lilipo? Atapeleka kule kunakopigwa kelele zaidi. Skimu yenye watu wapole itakaa na gugu lake.

Lakini sitawaficha kwamba wako wenye hofu, na hofu yao ina msingi. Mwaka wa 2011 ugonjwa wa kuua mahindi ulitokea Bomet, na baadaye wakulima katika sehemu zilizopatwa walishauriwa waache kupanda mahindi kwa msimu. Mtu mwenye ekari mbili na watoto watano, akisikia hivyo, huenda akajiambia kwamba ni heri kunyamaza. Mimi simlaumu. Nadhani kosa ni letu tulio ofisini, tukitaka habari kutoka kwa mkulima bila kumwahidi kitu. Anayetoa taarifa kwanza asiwe wa kwanza kupata hasara. Kama ataambiwa aache mahindi, apewe mbegu ya viazi au maharagwe siku ile ile, wala si mwaka ujao.

Tena, uwazi una kipimo chake. Jina la mkulima na namba yake ya simu hazina haja ya kuonekana katika ramani, na sheria ya mwaka wa 2019 ya kulinda habari za watu inatubana sisi makarani pia. Na msandali, mti ambao serikali ilipiga marufuku kuukata mwaka wa 2007 kwa sababu ya wezi, haufai kuandikwa umesimama kando ya mto gani na mwamba gani. Kumwonyesha mwizi njia si elimu. Watunzaji wa kumbukumbu hizi huandika eneo pana tu kwa viumbe vya namna hiyo, nao wanafanya vyema.

Ninalolitaka kwa wakubwa wangu ni hili: ramani irudi barazani. Mkulima akihesabu viwavi Jumatatu, na mwezi ukapita bila kuambiwa majirani walihesabu wangapi, mara ya pili hatahesabu.

Kwenu wakulima, kazi yenyewe haichukui nusu saa. Pita shambani kwa mstari wa kwenda na kurudi, simama mahali 5, na kila mahali tazama mashina 10. Jumla ni mashina 50. Mashina 10 yakiwa na viwavi, umepatwa kwa asilimia 20. Yakiwa hayana, andika sifuri. Tia siku na namba ya shamba. Mwenye simu nzuri amwombe Bwana Shamba amwonyeshe jinsi ya kupeleka hesabu hiyo kwa simu. Asiye nayo alete karatasi ofisini. Kabati lile tulilichoma pamoja na mchwa wake, na fomu sasa huingizwa katika kompyuta kila Ijumaa kabla sijaenda nyumbani. Ofisi hufunguliwa saa mbili asubuhi, na penseli iko mezani kwangu.