Mnyama Akibadilika Tabia Ana Neno



Mtoto wako akiumwa tumbo atakuambia. Ng'ombe hawezi kusema. Mbuzi hawezi. Mbwa naye hawezi. Mnyama husema kwa tabia yake. Jana alikuwa mpole, leo ni mkali. Jana alikuwa wa kwanza kutoka zizini, leo amebaki nyuma peke yake. Hapo anakuambia jambo.

Wafugaji wengi wakiona hivyo huchukua fimbo. Wengine husema mnyama amerogwa. Fimbo haiponyi ugonjwa, na maneno ya uchawi hupoteza siku za kumtibu. Mwezi huu tujifunze kusikia maneno ya mifugo yetu.

NG'OMBE ANAYEPIGA TEKE

Ng'ombe wako alikuwa akikamuliwa vizuri. Leo anapiga teke na kumwaga maziwa. Kabla ya kumpiga, mshike kiwele. Je, kina joto? Kimevimba? Kimekuwa kigumu? Kamulia maziwa ya kwanza katika chombo cheusi uyatazame. Ukiona mabonge au damu, huo ni ugonjwa wa kiwele. Anapiga teke kwa sababu anaumia.

Tazama pia chuchu, kama zina kidonda. Tazama na kucha zako mwenyewe. Kucha ndefu humwumiza ng'ombe.

Kama hana ugonjwa, huenda anaogopa. Ng'ombe mwenye hofu huzuia maziwa. Mkamue saa zile zile kila siku, mahali pale pale, bila kelele. Mtamba mwenye mimba mzoeze mapema. Mguseguse kiwele taratibu kabla hajazaa.

MBUZI ANAYEZUNGUKA

Mbuzi au kondoo anazunguka mahali pamoja. Kichwa amekiinamisha upande, na hugonga miti kama kipofu. Mara nyingi ana kifuko cha maji ndani ya ubongo. Kifuko hicho hutokana na mayai ya minyoo tegu wa mbwa.

Mbwa hula kichwa kibichi cha mbuzi mgonjwa. Minyoo hukua tumboni mwake. Mayai hutoka na kinyesi chake na kuanguka malishoni. Mbuzi wengine huyala pamoja na majani. Kwa hiyo, usimtupie mbwa kichwa kibichi. Kichome moto au kizike chini sana. Tena mpe mbwa wako dawa ya minyoo.

NG'OMBE ANAYETAFUNA MIFUPA

Ng'ombe huyu si mlafi. Anatafuta madini ambayo hayapati ya kutosha katika majani. Mpe chumvi ya madini ya kulamba. Okota mifupa malishoni uifukie, kwa maana mifupa ya mizoga inaweza kuwa na sumu inayopoozesha na kuua ng'ombe.

UKIENDA KWA BWANA MIFUGO

Usingoje mnyama alale chini. Nenda siku ile ile uliyoona tabia imebadilika. Bwana mifugo atakuuliza: Ilianza lini? Anakula? Anacheua? Choo chake kikoje? Ameogeshwa lini? Amepewa dawa gani?

Sasa wewe unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari moja, liwe la mifugo tu. Andika tarehe na uliyoyaona. Hata mistari miwili yatosha: "Jumatatu, ng'ombe mwekundu hakula. Alisimama peke yake." Maneno hayo humsaidia sana mtaalamu.

Atampima mnyama joto. Ng'ombe mzima huwa na joto la digrii 38 na nusu hivi. Likizidi 39 na nusu, kuna homa. Atashika tezi chini ya masikio, kwa sababu katika ndigana kali tezi hizo huvimba. Huenda akatoa tone la damu sikioni ili itazamwe kwa darubini. Akikupa dawa, muulize ni siku ngapi usinywe wala kuuza maziwa. Andika jibu lake katika daftari.

MBWA HUYU USIMPELEKE

Yuko mgonjwa mmoja ambaye hupaswi kumbeba kwenda kwa bwana mifugo. Ni mnyama unayemshuku kuwa na kichaa cha mbwa. Huyo, wewe nenda ukatoe taarifa. Usimguse.

Kichaa nacho huanza kwa tabia. Mbwa mpole huwa mkali bila sababu. Hung'ata mawe, miti na watu. Huzurura mbali na nyumbani. Mbwa mwingine hufanya kinyume. Hujificha gizani, taya limelegea, mate yanamtoka. Usidhani huyo ni salama kwa kuwa ametulia. Mbweha au fisi anayeingia kijijini mchana bila kuogopa watu, mshuku vilevile.

Ng'ombe pia hupata kichaa. Hulia kwa sauti ngeni, hutoa mate mengi na hushindwa kumeza. Mfugaji hudhani amekwamwa na kitu kooni, akamtia mkono kinywani. Usifanye hivyo! Ugonjwa umo katika mate. Mate yakiingia katika mchubuko mdogo wa mkono wako, nawe unaweza kuambukizwa. Usinywe maziwa yake wala usile nyama yake.

Mtu akiumwa na mbwa, fanya haya:

1. Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka. Osha kwa dakika 15.
2. Usitie majivu, mafuta ya taa wala manyoya ya mbwa.
3. Nenda hospitali siku ile ile ukapate chanjo. Usingoje kuona kama utaugua.
4. Maliza sindano zote ulizoandikiwa.
5. Toa taarifa kwa bwana mifugo na kwa mtendaji wa kijiji. Mbwa aliyefungwa salama atatazamwa kwa siku 10.

Kwa nini tuharakishe? Kichaa hutembea polepole katika mishipa ya fahamu kwenda kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na mara nyingine siku chache tu. Wakati huo mtu ni mzima, na chanjo inaweza kumwokoa. Dalili zikianza, hakuna dawa ya kumponya. Ndiyo maana kidonda kidogo cha mtoto kisidharauliwe. Mwulize mtoto kwa upole. Watoto wengine huficha kwa kuogopa kupigwa.

Chanjo ya mtu ilianza zamani. Mwaka 1885, huko Ufaransa, Louis Pasteur alimpa chanjo mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtoto yule alipona. Lakini njia iliyo bora ni kuchanja mbwa wenyewe. Mbwa 7 katika kila 10 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea kijijini. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba kila mwaka. Ulizeni siku ya chanjo katika kata yenu. Pelekeni mbwa wote, hata watoto wa mbwa. Tunzeni kadi zao.

Ndugu mfugaji, kesho asubuhi kabla ya kufungua zizi, simama kidogo. Watazame wanyama wako mmoja mmoja. Nani hakuinuka? Nani amejitenga? Kisha chukua daftari uandike.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini ng'ombe mpole huanza kupiga teke?
2. Mbwa na mbuzi huambukizanaje minyoo?
3. Mtoto akiumwa na mbwa, utafanya nini kwanza?
4. Kijiji chetu kina mbwa wangapi? Wangapi wamechanjwa mwaka huu?