Kunyamaza Si Uaminifu

Kuna imani moja iliyoota mizizi katika makanisa yetu, ya zamani na ya kilokole, mijini na vijijini: kwamba kanisa likipatwa na matatizo, Mkristo mwaminifu hunyamaza. Fedha za ujenzi zikipotea, aombe. Mchungaji akiwanyanyasa watumishi walio chini yake, avumilie. Wazee wa kanisa wakigawanyika makundi mawili, akae pembeni amwachie Mungu. Anayethubutu kuuliza huambiwa ana roho ya uasi, na akishupaa hukumbushwa kwamba mpakwa mafuta wa Bwana haguswi. Mara nyingi haya huhubiriwa kwa nia njema, na wengi wanaoyashika ni watu wa sala. Hata hivyo ni imani potofu. Inapingana na Maandiko, inapingana na historia ya kanisa la Afrika Mashariki, na inawafukuza waumini wale wale inaodai kuwalinda.

Madhara yake huonekana vizuri kwenye mkutano mkuu wa mwaka wa usharika. Mhazini anasoma taarifa ya mapato na matumizi haraka haraka, na nakala hazikugawiwa. Fungu la matumizi mengineyo limelizidi fungu la kusaidia wajane na yatima. Mwenyekiti anauliza kama kuna swali. Watu wanatazama viatu vyao. Mzee mmoja anatoa hoja kwamba taarifa ipokelewe, mwingine anaunga mkono, mikono inanyooshwa, sala ya kufunga inaombwa. Muda mfupi baadaye, pale getini na kwenye makundi ya WhatsApp, maswali yote yaliyokosekana ukumbini yanamiminika, sasa yakiwa yamechanganyika na uvumi na matusi. Kabla mwaka haujaisha, mmoja ameacha kurudisha bahasha ya ahadi, mwingine amehamia kanisa jingine bila kuaga, na wa tatu anakuja kila Jumapili lakini hatarajii lolote jema tena. Huyo wa tatu ndiye tunayemsifu kuwa ameshikilia imani. Kwa kweli amekwisha kuhama, ila mwili ndio umebaki kwenye benchi.

Hoja kuu ya wanaotetea ukimya ni Daudi na Sauli, basi tuitazame. Ni kweli Daudi alipata nafasi mbili za kumuua Sauli akakataa, kwa sababu mfalme yule alikuwa amepakwa mafuta. Lakini isomeni sura ya 24 ya Samweli wa Kwanza mpaka mwisho. Baada ya kukata upindo wa vazi la Sauli pangoni Engedi, Daudi alitoka nje, akamwita mfalme kwa sauti, akamwonyesha kile kipande cha nguo, akamweleza wazi kwamba anamwinda mtu asiye na kosa, akamwomba Mungu aamue kati yao. Mkono aliuzuia, ulimi hakuufunga. Wala hakurudi nyumbani kwa Sauli kwenda kurushiwa mkuki tena kwa jina la utii. Alipanda ngomeni akakaa huko. Baadaye Daudi mwenyewe alikuwa mfalme, naye amepakwa mafuta, na Nathani alimwendea akamtajia uso kwa uso dhambi yake juu ya Bathsheba na damu ya Uria. Kama kumkosoa mpakwa mafuta ni kumgusa, Nathani alikuwa mwasi. Na ile Zaburi ya 105 inayotajwa kila mara inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wasio na nchi, na wanaoonywa humo ni wafalme. Maneno ya kuwalinda wanyonge dhidi ya wenye mamlaka yamegeuzwa ngao ya wenye mamlaka dhidi ya wanyonge.

Agano Jipya halina nafuu kwa watetezi wa ukimya. Katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume, wajane wa Wayahudi wenye kusema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wakanung'unika. Hakuna mchungaji wa leo anayeweza kudai upako mkubwa kuliko wa mitume. Lakini mitume hawakuitisha maombi ya kukemea roho ya manung'uniko. Waliwakusanya wanafunzi wote, wakawaachia wachague watu saba wenye sifa njema, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani, dalili kwamba kazi ilikabidhiwa kwa upande uliolalamika. Luka anaendelea kusema kwamba baada ya hapo idadi ya wanafunzi iliongezeka sana. Paulo alipokusanya mchango wa Yerusalemu hakudai aaminiwe tu kwa kuwa ni mtume. Alifuatana na ndugu aliyechaguliwa na makanisa ili asiwepo wa kumlaumu juu ya fedha zile. Kule Antiokia alimkemea Petro mbele ya watu wote. Na Timotheo alipewa utaratibu kamili: shtaka dhidi ya mzee lisipokelewe bila mashahidi wawili au watatu, na wanaodumu katika dhambi wakemewe hadharani. Nusu ya kwanza inamlinda kiongozi dhidi ya uzushi, nusu ya pili inamlinda muumini dhidi ya kiongozi. Sisi tumeishika ya kwanza tukaitupa ya pili.

Atakayesema hayo ni mambo ya kale na aitazame historia ya hapa kwetu. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Rwanda na Uganda kati ya mwisho wa miaka ya 1920 na miaka ya 1930 ukaenea hadi Kenya na Tanganyika, ulianza na watu waliokataa kunyamaza. Mwaka 1941, wanafunzi 26 wa chuo cha teolojia cha Mukono, Uganda, akiwamo William Nagenda, walifukuzwa. Walikuwa wakikemea maovu waliyoyaona chuoni na kuendelea na mikutano yao ya alfajiri licha ya katazo. Kwa kipimo cha leo wangeitwa waasi, na huenda kweli baadhi yao walisema kwa ukali uliopita kiasi. Lakini wana uamsho wengi hawakwenda kuanzisha dhehebu lao. Walibaki ndani ya kanisa la Kianglikana lililowafukuza wenzao, wakiomba, wakihubiri, wakiungama dhambi zao wenyewe hadharani kabla ya kutaja za wengine. Matunda yake yanajulikana. Mwaka 1966 mmoja wa watu wa uamsho, Erica Sabiti, akawa askofu mkuu wa kwanza Mwafrika wa jimbo la Kianglikana la Uganda na nchi jirani. Upande wa Walutheri wa Bukoba, uamsho huo huo ulimlea Josiah Kibira, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977. Kanisa lilifaidika na watu waliosema na kubaki.

Aliyemfuata Sabiti mwaka 1974 alikuwa Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 katika uamsho huo huo. Chini ya Idi Amin alikuwa na kila sababu ya kunyamaza, na wapo waliomwona mpole mno kwa kuwa aliendelea kwenda ikulu kuwaombea watu waliokamatwa. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu wa askari. Tarehe 16 ya mwezi huo aliuawa, na serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Siku chache baadaye Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, alitoroka pamoja na mkewe kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda. Amin alipoangushwa mwaka 1979 alirudi akaitumikia dayosisi yake mpaka alipofariki mwaka 1988. Mmoja alibaki akafa, mwingine alikimbia akaishi, na kanisa halijamwita hata mmoja wao msaliti. Uaminifu wao haukupimwa kwa wingi wa mateso waliyoyavumilia. Ulipimwa kwa kile walichokataa kukubaliana nacho.

Wapo watakaojibu kwamba Amin alikuwa adui wa nje, na kwamba kusema dhidi ya viongozi wa kanisa lenyewe ndiko kunakozaa migawanyiko. Hofu hiyo ina msingi, maana tumeona sharika zikifungwa kwa makufuli na polisi wakisimama mlangoni siku ya ibada. Lakini ugomvi wa namna hiyo haulipuki kwa sababu mtu aliuliza swali kwa adabu kwenye kikao halali. Hulipuka pale maswali ya miaka mingi yamezuiwa hadi watu wakaacha kuviamini vikao vyenyewe. Sura ya 18 ya Mathayo imetoa njia: mwendee ndugu yako faraghani, kisha nenda na mashahidi, kisha lipeleke jambo kanisani. Anayeanzia mtandaoni ameruka hatua, na anayeishia faraghani wakati ovu linaendelea naye ameruka hatua. Wengine watamtaja Yesu aliyenyamaza mbele ya Pilato. Yesu huyo, usiku wa kuamkia siku ile, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimtaka aliyempiga aonyeshe kosa lake au aeleze kwa nini amempiga. Na wale waliogeuza hekalu soko hakuwanyamazia.

Jibu zito zaidi kwa hoja ya uvumilivu ni kuuliza nani analipa gharama ya ukimya. Mtu akinyamaza juu ya jeraha lake mwenyewe, huenda anasamehe, na ana haki hiyo. Akinyamaza juu ya jeraha la mwenzake, anatoa sadaka kitu kisicho chake. Binti aliyeharibiwa na mwalimu wa kwaya, katekista asiyelipwa posho yake miezi sita, mjane aliyeuza shamba ili atoe sadaka ya muujiza: hao ndio wanaovumilia, sisi wengine tunawatazama tu. Kanisa Katoliki, lenye ngazi nyingi za mamlaka kuliko makanisa mengi, limelitambua hilo kwa maumivu. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria inayowalazimu mapadre na watawa kutoa taarifa za unyanyasaji wa kingono na za viongozi wanaouficha. Na msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ulipoanza kufukuliwa Aprili 2023, hatimaye ilipatikana miili zaidi ya 400, ikiwamo ya watoto wengi, ya wafuasi wa mhubiri aliyewafundisha kufunga hadi kufa. Usharika wenye hesabu mbovu si Shakahola. Lakini fundisho la kwamba kumhoji kiongozi ni kumhoji Mungu halina mpaka wa kulizuia, na mwenye kulihubiri hawezi kuchagua litaishia wapi.

Hapa ndipo ninapotofautiana pia na wanaosema dawa ni kuhama. Ipo saa ya kuondoka, hasa pale maisha ya watu yamo hatarini au injili yenyewe imebadilishwa, na hapo kuondoka ni utii. Panapotendeka jinai, mahali pa kwenda ni polisi, na kikao cha wazee kifuate baadaye. Lakini wengi wanaohama hawajawahi kuuliza swali hata moja huko walikotoka. Wanakwenda na mazoea yao ya kunyamaza, na kanisa jipya likichafuka watanyamaza tena kisha watahama tena. Anayenyamaza na anayehama kimyakimya wanafanana kuliko wanavyodhani, kwa sababu wote wawili wamekata tamaa kwamba kanisa linaweza kutubu. Kukata tamaa huko ndiko ukosefu wa imani.

Kwa hiyo wachungaji, maaskofu na wazee waache kulihubiri fundisho hili. Wafundishe waraka wa kwanza kwa Timotheo wote, wagawe hesabu zilizokaguliwa wiki moja kabla ya mkutano, na wawashukuru wanaouliza kwa kuwa bado wanajali. Nao waumini wajifunze kusema kwa ushahidi, kwa majina yao, mbele ya wahusika, wakiwa tayari kukosolewa na wao, kisha Jumapili inayofuata warudi kwenye sala na meza ya Bwana pamoja na wale waliowauliza. Hilo ni gumu kuliko kunyamaza na gumu kuliko kuhama. Linadai ujasiri na upendo kwa pamoja, na ndiyo maana ndilo pekee linalostahili kuitwa uaminifu.