Kuku wa Singida hataki haraka

Ukimwona mwanaume wa makamo amesimama kwenye mtaa wa wachomelea vyuma asubuhi asubuhi, anagongagonga mapipa kwa kidole kama anayechagua tikiti maji, usimcheke. Huyo nilikuwa mimi, mwezi wa Julai mwaka juzi, hapa hapa Singida mjini, natafuta jiko la moshi.

Kisa chenyewe ni kuku. Nani asiyemjua kuku wa Singida? Matenga kwa matenga yanapandishwa magarini kwenda Dodoma na Dar es Salaam, na huko mtu akishaambiwa "huyu wa Singida" anafungua pochi bila ubishi. Lakini sisi wenyeji tunamjua undani wake. Huyu kuku katembea. Kakimbizana na vicheche, kachakura juani mchana kutwa, mapaja yake ni misuli mitupu. Ukimtupa juu ya moto mkali anaungua nje, na ndani anakuwa kandambili. Ndiyo maana mama zetu humchemsha kwanza mpaka alegee, ndipo wamkaange au wambanike.

Sasa mimi nilikuwa nimeonjeshwa wa aina nyingine kwa rafiki yangu kule Manyoni. Kuku alikaa saa tatu nzima ndani ya pipa lililofunikwa, moto uko mbali chini, moshi unamzunguka taratibu. Nyama ilikuwa inaachia mfupa yenyewe. Nikarudi nyumbani nimeshaamua.

"Jiko la mkaa tunalo," mama watoto akaniambia, "la kuni tunalo, la gesi tumenunua juzi. La nne la nini, baba?"

Nikamjibu la nne ni la heshima. Akanyamaza. Nyinyi mliooa mnajua ule unyamazaji ulivyo.

Basi bwana, nikaanza kuchagua. La kwanza nililoliona ni nusu pipa, lile lililopasuliwa kwa urefu, likawekewa miguu minne na wavu juu. Ndilo jiko la baa zote nchini. Ni zuri kwa mishikaki na mbuzi wa kijana, vitu vya kuchoma upesi ukala. Lakini halina mfuniko, moshi wote unakwenda mbinguni. Hilo ni la kubanika, si la moshi.

La pili alinitumia shemeji kutoka Dar, kwa basi. Linang'aa kama sufuria la harusi, lina magurudumu na hata kishikio cha mbao. Nikaligonga, likalia kama kopo la maziwa. Bati jembamba namna hiyo halitunzi joto. Ukiweka mkaa linapanda ghafla, upepo ukipita linashuka ghafla. Na upepo wa Singida mnaujua. Mji uko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na ikifika Juni na Julai unavuma baridi yake mpaka mbwa wanatafuta kona.

Huo upepo si adui yetu peke yetu. Mwaka 1952, karibu na Chicago huko Marekani, George Stephen alichoka kuona upepo unampulizia majivu kwenye nyama. Alikuwa akifanya kazi kwenye karakana ya vyuma ya Weber Brothers, iliyotengeneza maboya ya majini. Akachukua boya, akalikata mara mbili, nusu ya chini ikawa jiko na nusu ya juu ikawa mfuniko, akatoboa matundu ya hewa. Jiko lile la duara limeenea dunia nzima. Ujanja wake wote ulikuwa mfuniko na matundu, basi.

La tatu ndilo lililonimaliza: pipa zima la lita 200, limesimama wima. Chini kuna kikapu cha chuma cha mkaa, juu wavu wa nondo, juu kabisa mfuniko wenye bomba dogo. Pembeni chini kuna matundu matatu yenye vifuniko vya kusogeza. Ukiyafungua moto unapata hewa na joto linapanda, ukiyabana linashuka. Unataka ndani libaki kama nyuzi 110 hadi 120 za Sentigredi, na nyama karibu na mfupa ifike 74 kabla hujamwita mtu mezani. Kipimajoto cha kuchoma kwenye nyama ni kadude kadogo, lakini kana faida kuliko magurudumu.

Nikauliza bei. Fundi, kijana mdogo tu, akatikisa kichwa.

"Mzee, usiniulize bei kwanza. Niulize lilibeba nini."

Nikaona haya, kwa kuwa sikuwa nimewaza hilo. Pipa lililobeba dawa ya mimea au kemikali za kiwandani haliwi jiko hata ulioshe mwaka mzima. Yeye alinionyesha la mafuta ya kula. Hata hilo, akasema, lichomwe kwa moto mkali wa kuni mara mbili bila chakula, rangi ya ndani na nje iishe, lisuguliwe, kisha lipakwe mafuta ya alizeti na kuwashwa tena. Kwa mafuta ya alizeti, Singida hatukopi kwa jirani. Na wavu usiwe wa waya uliopakwa zinki, maana zinki ikipata moto mkali hutoa mvuke wenye sumu.

"Swali la pili," akaniambia. "Litakaa wapi?"

"Nyumbani," nikajibu.

Akanitazama. Nilidhani ananiona mshamba. Sasa najua alikuwa ananiuliza swali la maana kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule.

Nikalipa, tukalisukuma kwa mkokoteni. Jumamosi nikawaalika wakwe. Jogoo wawili, chumvi, limau, kitunguu saumu. Lakini kufika jioni upepo ukaanza vituko vyake, majivu kila mahali, moto unaruka. Nikasema potelea mbali, nikalikokota pipa nikaliingiza kwenye jiko la uani, kile chumba chenye dirisha moja dogo. Wakati moshi umejaa mlango ulikuwa wazi. Kuku wakaiva, wakaliwa, mzee mkwe akanisifu mbele za watu. Nikajiona mfalme.

Tulipomaliza, moshi ulikuwa umekwisha, mkaa umebaki mwekundu mzuri. Watoto wakaona joto lile si la kuacha. Wakatandika mkeka, wakafunga mlango na dirisha, wakaanza hadithi. Nami nikapita, nikawaona, nikacheka. Sikusema neno.

Mama mkwe ndiye aliyetoka kwenda msalani. Akashangaa ukimya, akasukuma mlango. Wawili wanalalamika kichwa, mmoja anatapika, na binti yangu wa mwisho kalala, anaitwa haitiki. Yule bibi hakupiga kelele. Alimvuta mikono mpaka uani, akawatoa wote, ndipo akaniita: "Baba, njoo ushike mwanao!"

Tulikwenda hospitali usiku ule. Walimwekea hewa ya oksijeni, alfajiri akafumbua macho akaomba chai. Daktari akanieleza kwamba mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Inang'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imeisha, kumbe mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaoua waliolala.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukitaka jiko la moshi, anza na mahali. Kama huna uwanja wa wazi, acha, mchemshe kuku wako kama mama. Kama unao, jenga kaukuta ka kukinga upepo upande mmoja tu, juu na kwingine pabaki wazi. Halafu tazama unene wa chuma, mfuniko ukae sawasawa, matundu yasogee. Kuni za kutia moshi ziwe kavu, za mpera au mwembe, kipande kimoja au viwili juu ya mkaa. Mbao zenye rangi hapana, na minyaa ya uzio hapana kabisa. Moshi mwembamba ndio wa chakula. Ule mzito mweupe unaleta uchungu. Ukimaliza, funga matundu yote mkaa uzimike huko huko nje.

Pipa langu bado lipo, chini ya mwembe, na kaukuta kake. Jumapili iliyopita mama mkwe alikuja kula paja. Kabla hajaketi alipita jiko la uani, akasukuma mlango, akachungulia ndani. Hufanya hivyo kila akija. Sijawahi kumwuliza anatafuta nini.