Makorongo ya Oman yanataka mgeni anayelala

Sultan Qaboos aliposhika madaraka Julai 1970, Oman nzima ilikuwa na takriban kilomita 10 tu za lami. Familia zilizohamia huko kutoka Unguja, Pemba, Mombasa na Bara katika miaka iliyofuata, nyingi zikiwa na watoto wasiojua Kiarabu, zilikuta nchi ambayo kutoka Maskati kwenda kuona mlima kulikuwa shughuli ya kutwa nzima. Leo lami imepanda hadi majabalini. Hata hivyo, wakikutana watu wazima waliokulia katika familia hizo, wakaanza kupiga soga kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Mji Mkongwe, hawakawii kuikumbuka njia ya vumbi. Na njia hiyo, katika masimulizi yao, karibu kila mara inaishia kwenye wadi.

Wadi ni mkondo wa maji ya mvua. Sehemu kubwa ya mwaka huwa ni mchanga na mawe matupu, lakini katika milima ya Hajar maji yameikata chokaa kwa muda usiohesabika, yakaacha makorongo ambayo mtu akisimama ukingoni magoti humlegea. Wadi Ghul, iliyo chini ya Jebel Shams, ina kina cha takriban kilomita moja, ndiyo maana watalii hawachoki kuifananisha na Grand Canyon ya Marekani. Jebel Shams yenyewe ndiyo kilele kirefu kuliko vyote nchini humo, takriban mita 3,000. Miamba ya milima hii iliwahi kuwa sakafu ya bahari, na mtoto mwenye macho makali anaweza kuona ndani ya jiwe, juu kabisa mlimani, alama ya kombe. Mzazi akiulizwa kombe limefikaje huko, jibu linaweza kuchukua safari nzima ya kurudi.

Enzi za njia ya vumbi, wikendi ya Oman ilikuwa Alhamisi na Ijumaa. Ilihamishiwa Ijumaa na Jumamosi mwaka 2013. Kwa hiyo Jumatano jioni ndipo Land Cruiser zilipopakiwa: mikeka, turubali, madumu ya maji, mkaa, bibi kiti cha mbele, watoto wamebanana nyuma na mizigo. Chakula kilikuwa nusu ya safari. Nyama ya mishikaki iliyolala kwenye viungo usiku kucha, maandazi kwenye ndoo yenye kifuniko, sufuria ya wali iliyofungwa kwa kanga, kahawa ya iliki, tende. Majirani wa Kiomani waliotandika upande wa pili wa maji nao walikuwa na mishikaki yao, na sahani zilianza kuvuka kabla watu hawajajuana majina. Kwa watoto waliochekwa shuleni kwa Kiarabu chao kibovu, hapo ndipo nchi yao mpya ilipoacha kuwauliza maswali.

Mahali panapotajwa sana ni Wadi Shab, kijijini Tiwi, kwenye pwani kati ya Quriyat na Sur. Anayeingia huvushwa kwanza kwa mashua ndogo mdomoni mwa korongo. Halafu ni kutembea: mitende na migomba upande huu, mfereji wa falaj ukitiririka kandokando ya jabali, kuta zikizidi kusogeleana, mpaka njia inapokwisha na maji ya kijani yanapoanza. Kuanzia hapo ni kuogelea. Mwisho wa madimbwi kuna ufa mwembamba unaopitisha kichwa tu juu ya maji, na anayethubutu kuupita hutokea ndani ya pango lenye maporomoko. Mwaka 2012 wapiga mbizi wa kimataifa walikuja kushindana hapo kwa kujirusha kutoka magengeni. Watoto wa Tiwi walikuwa wakijirusha zamani bila waamuzi.

Eneo hili halikuwa geni kwa watu wa Afrika Mashariki hata kabla ya gari. Sur ilijenga majahazi yaliyokuja Unguja na kaskazi na kurudi na kusi. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mnamo 1331, baadaye alishuka Sur na kuamua kwenda mji wa Qalhat kwa miguu, kwa sababu kwa macho mji ulionekana upo karibu. Haukuwa karibu. Mtu aliyemkodi amwongoze alitaka kumwibia nguo, na aliingia Qalhat akiwa hoi, miguu imevimba. Yeyote aliyewahi kuambiwa na ami yake kwamba dimbwi lipo hapo mbele tu atamwelewa msafiri huyu.

Mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii ilifunguliwa barabara kuu ya pwani kati ya Quriyat na Sur, na daraja lake likapita juu kabisa ya mdomo wa Wadi Shab. Sasa familia inaweza kutoka Maskati baada ya chai ya asubuhi, ikaogelea, ikapiga picha, ikawa nyumbani kabla ya Isha. Hapo ndipo manung'uniko yanapoanza: lami imeharibu, wageni wamejaa, pale Wadi Bani Khalid kuna hata mabango ya kuhimiza mavazi ya staha.

Manung'uniko haya yamekosea anwani. Maji ni yale yale na ufa ni ule ule. Kilichopotea ni muda, na zaidi ya yote usiku. Familia iliyotumia saa sita njiani haikuwa na jinsi ila kulala, na kulala ndiko kulikoleta yale yanayokumbukwa leo: bibi akisimulia gizani Unguja ya kabla ya mapinduzi ya 1964, watoto wakigombania blanketi, baba ambaye mjini hakuwa na nafasi ya kuongea akiongea hadi makaa yakawa majivu. Safari ya mchana mmoja haina nafasi ya mambo hayo. Ina nafasi ya picha.

Lakini kumbukumbu ina uongo wake, na haifai kuachiwa itunge sera. Kwanza, safari ile ilikuwa mapumziko kwa wengine na kazi kwa wengine. Mama na shangazi walianza kupika tangu Jumanne, wakapika tena wadini, wakarudi na masufuria meusi ya kusugua. Anayesema mambo yalikuwa mepesi zamani aulize kwanza yalikuwa mepesi kwa nani.

Pili, mafuriko. Jabali tupu halinywi maji. Mvua ikinyesha mbali juu ya mlima, ukuta wa maji na mawe unaweza kushuka korongoni wakati anga juu ya waogeleaji ni bluu. Zamani kuvuka wadi inayotiririka kulihesabiwa kuwa uanaume, na baadhi ya wazee bado hulisimulia jambo hilo kwa kicheko. Aprili 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 15 nchini Oman, wakiwemo watoto wa shule waliosombwa ndani ya gari huko Samad al-Shan. Kuvuka wadi yenye mafuriko sasa ni kosa linaloweza kumpeleka dereva jela, na sheria hiyo inastahili kuungwa mkono hata na wale wanaouona ulinzi wa leo kuwa ni udekezaji.

Kwa hiyo anayetaka kuwarithisha wanawe furaha ile asitafute njia mbovu wala dereva jasiri. Atafute usiku, tena mahali palipoinuka, kamwe si kwenye mchanga laini wa chini ambao huvutia kwa sababu maji ndiyo yaliyousawazisha. Kwenye kingo za Jebel Akhdar, pale Binti Mfalme Diana wa Uingereza alipotembelea mwaka 1986, zimejengwa hoteli za kifahari zenye mandhari ya korongo dirishani. Si vibaya, nchi inahitaji fedha za watalii. Lakini familia ya watoto watano na bibi mmoja haitalala huko. Inachohitaji ni uwanja wa kupigia mahema, choo kisafi, bomba la maji, mapipa ya taka yanayomwagwa, na mtu wa kutangaza onyo la mvua. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na ya barabara zilizokwisha kujengwa.

Msimu mzuri ni Oktoba hadi Machi. Januari, Jebel Shams usiku huwa na baridi inayokaribia sifuri, basi mablanketi yawe mazito, maandazi yapikwe mapema, na zamu ya kusugua masufuria wapewe akina baba.