Msiniambie "Nunua Mwingine"

Mnyama wetu alipokufa mwezi Aprili, watu watatu waliniambia maneno yale yale kabla hata harufu haijatoka sebuleni: nunua mwingine. Wa kwanza ni mwenzangu wa bwenini, wa pili ni jirani, na wa tatu ni muuzaji yule yule aliyeniuzia dawa iliyomuua. Nawajibu wote watatu hapa, pamoja na wale waliocheka darasani niliposema sikulala kwa sababu ya anemoni.

Sisi tunaosomea Kiswahili bara tunaijua kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, kwa ajili ya mtihani tu. Mimi bahari niliiona kwanza katika sebule ya mjomba, Kampala, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mombasa, nyuma ya kioo. Anemoni hufanana na ua, lakini ni mnyama. Ana mdomo, hujishikiza jiweni kwa mguu mmoja, na mikono yake mingi midogo huwachoma samaki. Wetu alikuja nikiwa na miaka 8. Watoto walimwita Jajja kwa sababu alikaa tu, akila alicholetewa. Kila Jumamosi mjomba alikoroga chumvi ya pakiti katika maji yaliyochujwa, akapima, kisha akamlisha kipande cha kamba kwa koleo. Umeme ukikatika usiku, tuliamka kuwasha pampu ya betri kabla ya kutafuta mshumaa. Miaka 14.

Kisha wale samaki wawili wa rangi ya chungwa, waliolala katikati ya mikono yake bila kuchomwa, wakatoka madoa meupe. Mjomba alikuwa safarini. Nilikwenda dukani nikaeleza. Muuzaji hakuniuliza tangini kuna nini kingine. Alinipa chupa na kunihesabia matone. Dawa ilikuwa na shaba. Shaba huua vimelea vya ugonjwa ule, ndiyo maana mjuzi humtoa samaki mgonjwa akamtibu katika chombo cha peke yake, kwa kuwa kwa anemoni na matumbawe hata kiasi kidogo cha shaba ni sumu. Neno hilo lilikuwepo kwenye chupa, kwa herufi ndogo. Sikulisoma. Kosa hilo ni langu na silikwepi. Lakini mtu anayeuza sumu kwa matone, kisha akakutajia bei ya mnyama mpya, huyo kwake kifo ni mteja anayerudi.

Jajja alisinyaa siku ya kwanza. Siku ya pili mdomo ulibaki wazi. Siku ya tatu alianza kuyeyuka, na ilinibidi nimtoe kwa mikono yangu, kwa sababu anemoni aliyeoza hujaza maji amonia na kuua kila kilichobaki.

Wenzangu, huyu si balbu iliyoungua. Huko Scotland, John Dalyell alimchukua anemoni mmoja ufukweni mwaka 1828, akamweka katika chupa ya maji ya bahari. Dalyell alifariki, chupa ikapita mikono ya watunzaji wengine, na mnyama akaishi hadi 1887. Walimwita Granny, yaani Jajja! Hao hawakuwa na pampu wala taa za pekee. Walimbadilishia maji tu. Basi miaka 14 haikuwa uzee. Tulimkatisha njiani.

Kuna hoja moja dhidi yangu ninayoiheshimu, nayo si ile ya "watu wanakufa, wewe unalilia tangi." Hiyo ni ya kuziba mdomo; anayeisema hajawahi kunyamaza timu yake inapofungwa. Hoja ya kweli ni kwamba Jajja hakupaswa kuwa Kampala hata siku moja. Samaki wale wa chungwa siku hizi huzalishwa kwa wingi na wafugaji, lakini anemoni wengi wanaouzwa bado hung'olewa baharini, na miamba yetu haina cha kuchezea. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi, matumbawe ya Kenya na Tanzania yakapauka na mengi yakafa. Hoja hii naikubali. Ila tazameni inampiga nani. Haimpigi anayelia. Inampiga anayesema nunua mwingine, maana huyo mwingine yuko mwambani sasa hivi, hajasumbuliwa na mtu.

Mjomba aliporudi hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nilimzika au nilimtupa. Nilimzika, chini ya mgomba. Samaki wote wawili walipona. Yule jike, mkubwa kuliko dume, bado hulala kila usiku mbele ya jiwe tupu alipokuwa Jajja, akipepea mapezi polepole, na mjomba hajanunua kitu cha kuliziba.