Jina Halioteshi Mti

Bweni ninalolala linaitwa Mvule. Jirani zetu ni Mpingo, Mkangazi na Mninga. Ni majina mazuri, na waliotuchagulia hapana shaka walikuwa na nia njema. Lakini mgeni akituomba tumwonyeshe mvule mmoja katika uwanja wa shule, itatubidi tumwonyeshe kibao kilichopigwa misumari juu ya mlango. Mimi naona jambo hili si dogo, nami nitalieleza kwa habari za kisiwa kimoja.

Karibu na pwani ya kusini-mashariki ya Morisi, mbele ya mji wa Mahébourg, kiko kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe, hekta 26 tu. Kinaitwa Île aux Aigrettes, maana yake Kisiwa cha Yangeyange. Jina hilo ni la Kifaransa, lugha ya watu walioitawala Morisi tangu 1715 mpaka 1810. Yangeyange hao hawana tena makao huko. Ndege wamekwenda zao, jina limebaki.

Msitu nao ulikuwa karibu kufuata njia hiyo hiyo. Humo mna aina ya abunusi, mti wenye moyo mweusi kama mpingo wetu, ingawa si wa jamii moja. Wataalamu wameuita Diospyros egrettarum kwa kufuata jina la kisiwa. Watu waliukata wakafanya kuni. Mwaka 1965 kisiwa kikawa hifadhi, na baadaye ukataji ukakoma. Mtu angedhani kazi imekwisha. La, haikuwa hivyo! Miaka ikapita, na mahali palipokatwa mti huo haukurudi.

Sababu ni nini? Tunda la abunusi ni kubwa, nalo huanguka chini ya mama yake likakaa papo hapo. Zamani kobe wakubwa wa Morisi walilila na kuzitawanya mbegu, lakini kobe hao waliwindwa hata wakatoweka kabisa. Msitu ulipata sheria, ukakosa mtumishi.

Mwaka 2000 wakapelekwa kisiwani kobe wa aina ya Aldabra, ambao asili yao ni Shelisheli, ndugu za wale walioletwa Changuu, Unguja, mwaka 1919. Kobe wakala, wakatembea, wakaacha mbegu katika mavi yao. Wataalamu walipopima, waliona kwamba mbegu zilizopita tumboni mwa kobe ziliota vizuri zaidi, na miche ikachipua mahali palipokuwa patupu. Watu nao hawakukaa bure. Waling'oa miti ya kigeni na kupanda ya asili.

Sasa turudi kwetu. Kila mwaka, siku ya kupanda miti, wageni huja, picha hupigwa, na kila mche huwekewa kibao chenye jina la aliyeupanda. Tukirudi kutoka likizo vibao tunavikuta, miche hatuikuti. Wengine husema kosa ni la mbuzi, wengine la jua. Mimi nasema kosa ni letu, kwa kuwa tulidhani kupanda ndiko kumaliza.

Shauri langu ni hili. Kila bweni lipande mti wa jina lake. Kila mwanafunzi aingiaye Kidato cha Kwanza akabidhiwe mche mmoja, auwekee ua wa miiba na kuumwagilia, na afikapo Kidato cha Nne amkabidhi mdogo wake. Wakati wa likizo, walimu na wazazi wakaao jirani watusaidie.

Najua wenzangu watanicheka kwamba mvule hukawia kukua. Ni kweli, na abunusi pia hukawia mno. Mimi naondoka mwaka huu, kivuli chake sitakikalia. Lakini polepole ya kobe humfikisha mbali. Nikirudi hapa na mvi kichwani, nataka mwanafunzi wa bweni la Mvule anishike mkono, anipeleke nje, anionyeshe mti.

Mwanafunzi, Kidato cha IV