Pionus Ni Kasuku Mzuri wa Familia, Lakini Usimnunulie Mtoto

Wacha niseme mapema ndio tusizungushane. Kama familia yenye watoto wadogo imeamua ni lazima ifuge kasuku, pionus ni kati ya chaguo bora kabisa. Lakini usimnunulie mtoto. Mnunue kama wewe, mtu mzima, ndiye unamtaka, halafu watoto wapate bahati ya kuishi naye. Hayo ni mambo mawili tofauti, na watu wengi huyachanganya.

Swali limetoka kwa dada yangu mkubwa. Anaishi Dallas na shemeji, wako na watoto wawili, mmoja miaka 4, mwingine 7. Tangu waone video za kasuku wakicheza densi, hao watoto hawajampatia mama yao amani. Sasa kuna mfugaji huko amemwambia dada yuko na kifaranga cha pionus wa kichwa cha buluu, mpole, hana kelele, anafaa watoto. Dada akaleta stori kwa grupu ya familia. Mamangu akauliza kwa nini wasinunue kuku, angalau atataga. Mimi nikaombwa maoni kwa sababu eti ndio niko na maneno mengi mtandaoni. Haya, maoni ndio haya.

Kwanza tumjue huyu ndege. Pionus si aina moja, ni jamii yenye aina kadhaa, na kwao ni kuanzia Mexico kushuka hadi Argentina. Ni wa saizi ya kati, kama sentimita 25 hadi 30, mkia mfupi, kifua kipana kama mtu wa jimu. Kuna wa kichwa cha buluu, kuna wa utosi mweupe, kuna wa mabawa ya rangi ya shaba, lakini wote wako na manyoya mekundu chini ya mkia. Ukimwona kivulini utadhani rangi yake imechujuka. Jua likimpiga ndio unaona kijani, zambarau na dhahabu zikipokezana.

Kwa upande wa kelele, mfugaji hajadanganya. Kokatuu, yule mweupe mwenye kishungi, akiamua kupiga mayowe jirani wa mlango wa tatu anajua. Pionus si bubu, atapaza sauti asubuhi na jioni, lakini kwa nyumba ya kupanga anavumilika. Pia hadai kubebwa kutwa nzima. Anaweza kukaa kwa kitulizo chake akitafuna kipande cha mti huku akiwatazama. Kuongea ataongea maneno machache, kwa sauti ya kukwaruza. Hamfikii kasuku wa kijivu, kwa hivyo anayemtaka ndio asalimie wageni atavunjika moyo.

Mpaka hapo mimi na mfugaji tuko pamoja. Tunapoachana ni kwa hilo neno “mpole”.

Pionus ni ndege mwenye tahadhari sana. Akiogopa, huvuta pumzi kwa sauti, kama mtu mwenye mafua anayevuta kamasi. Asiyejua hudhani ni mgonjwa. Mtoto naye hudhani ni kichekesho, na mtoto akipata kichekesho atakirudia mara kumi. Wakati mwingine huyo ndege huganda tu, hasongi, hapigi kelele. Sasa fikiria mtoto wa miaka 4 mbele ya ndege aliyeganda. Anaona ndege ametulia, amekubali, kwa hivyo anaingiza mkono. Ule mdomo unavunja kokwa. Kidole cha mtoto kitatoka damu, mtoto atalia, mtu mzima atakuja mbio akipayuka, na ndege naye ameshajifunza kwamba mikono ni hatari. Kumrudisha kwenye kuaminiana ni kazi ya wiki nyingi, pengine miezi.

Angalia vizuri, hapo hakuna mkosaji. Mtoto amefanya utoto, ndege amefanya undege. Aliyekosekana ni mtu mzima wa kusema, “Subiri, ameogopa.” Kasuku anayepiga mayowe akichokozwa, hata mtoto anaelewa. Huyu mtulivu anahitaji mtu wa kumsoma, na mtoto wa miaka 4 hata dada yake hajui kumsoma.

Halafu kuna hesabu ya miaka, na hapa ndipo wengi huruka. Pionus aliyetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30, na wengine hukaribia 40. Chukua mtoto wa miaka 4, ongeza 30. Atakuwa na miaka 34. Atakuwa ashamaliza shule, ashapata kazi, labda ashaoa, na “ndege wake” bado yuko kwa sebule ya mama yake. Tena kifaranga unachobebewa leo si ndege utakayeishi naye. Akifika miaka michache hubalehe, na yule aliyekuwa analala kwa mkono anaweza kuanza kulinda ngome yake kama askari wa benki.

Nyumba nayo itabidi ibadilike. Ile pani isiyoshika chakula, ikipata moto kupita kiasi, hutoa hewa inayoua ndege kwa muda mfupi sana, hata akiwa chumba kingine. Avokado ni sumu kwake. Chokoleti pia. Sasa wewe mweleze mtoto anayependa kugawa chakula chake kwamba leo hakuna kugawa. Mbegu tupu kila siku zitamnenepesha na kumnyima vitamini A, kwa hivyo kuna karoti, viazi vitamu na mboga za kijani za kukatakata. Anahitaji saa 10 hadi 12 za usingizi, na yuko sebuleni karibu na runinga. Anahitaji daktari anayejua ndege, si yule wa paka na mbwa tu, maana ndege huficha ugonjwa mpaka amelemewa. Kuna pia maradhi ya kasuku ambayo humwingia binadamu na kushambulia mapafu. Yanatibika, lakini ndege mpya apimwe na mikono ioshwe kila mara.

Dada yangu ni nesi wa zamu ya usiku. Hiyo orodha nimesoma hapo juu, nani ataifanya saa moja asubuhi akirudi nyumbani na macho mekundu? Mtoto wa miaka 7?

Najua jibu litakuja: mnyama hufundisha mtoto kuwajibika. Ni kweli, lakini kwa masharti. Mtoto hujifunza kuwajibika akiona mtu mzima anawajibika, halafu apewe kipande anachoweza. Wa miaka 7 anaweza kubadilisha maji, kuosha karoti, kuketi chini na kumsomea ndege kitabu kwa sauti ya chini. Wa miaka 4 anaweza kujifunza kutembea polepole mbele ya ngome na kuweka mikono nyuma. Hayo ni mafunzo mazuri sana. Lakini ukimwachia mtoto maisha ya kiumbe ndio umfunze adabu, siku akichoka anayelipa ni huyo kiumbe.

Sasa nyinyi mnaonisoma mkiwa Rongai, Kisumu ama Mombasa, msidhani hii ni stori ya Marekani pekee. Huko dada yangu anaweza kwenda kwa mfugaji na kupata ndege aliyezaliwa ngomeni. Hapa kwetu ukisema unataka kasuku wa watoto, hakuna mtu atakuletea pionus. Utaletewa kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, usiku, ndani ya boksi, na utaambiwa karatasi zinakuja. Hazikuji. Kumfuga bila kibali cha KWS ni kosa la jinai. Biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliotolewa porini ilipigwa marufuku kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016, baada ya misitu mingi ya Afrika kumwagwa tupu. Hapa Kenya kwao ni magharibi, msitu wa Kakamega, na wamebaki wachache mno. Kwa hivyo ukimnunulia mtoto zawadi ya aina hiyo, umemnunulia ndege aliyeibwa kwa mama yake. Ukitaka watoto wako wapende kasuku, wapeleke Kakamega wakatazame juu. Hata wasipomwona huyo wa kijivu, watarudi wakiwa wamesikia msitu mzima ukiongea.

Nikirudi kwa dada, nilimwuliza swali moja tu, na ningemwuliza mtu yeyote aliye na watoto wadogo na hamu ya kasuku. Watoto wakimchoka baada ya wiki sita, wewe bado utamtaka? Usijibu kama mama. Jibu kama wewe. Utafurahi kumwona asubuhi ukitoka zamu, na kumkatia viazi vitamu ukiwa na miaka 60? Kama jibu ni ndio, mchukue pionus na usiogope, hutapata kasuku mwingine anayeweza kuishi na vurugu za watoto kwa staha kama yake. Lakini ngome iwe juu ya kimo cha mtoto mdogo, na isifunguliwe bila mtu mzima chumbani. Kama jibu ni “lakini watoto wanamtaka sana”, basi subiri yule mdogo afike miaka 8 ama 9, muulize tena. Kwa ndege wa miaka 30, kungoja minne si kitu.

Dada alinyamaza kwa simu mpaka nikadhani mtandao umepotea. Kisha akasema ataenda kwa huyo mfugaji peke yake kwanza, bila watoto, akae na hao ndege saa nzima aone kama moyo wake unafunguka. Shemeji amesema kama utafunguka, yeye ndiye atakuwa wa kuosha ngome Jumamosi. Mamangu bado anasema kuku.

Mimi nasema huo mpango wa dada ndio sahihi. Mwenye atamtunza ndiye aende kumtazama.